Geji Kwanza, Plasta Baadaye: Namna ya Kumkagua Fundi Bomba Bila Kuvunja Urafiki

Fundi bomba akikwambia "bosi, kazi imeisha", bado hajasema kitu. Kazi ya bomba huisha pale maji yenye presha yanapolala ndani ya mabomba usiku kucha na asubuhi yakakutwa palepale. Kabla ya hapo una plastiki ukutani, basi. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba wa Goba, Chanika, Kibamba au Kigamboni, yule anayejenga kidogokidogo kwa mshahara na kikoba, anayetaka kujua kama mabomba yake yamefungwa sawasawa, na anataka kujua akiwa bado na kauli. Kauli hiyo anayo kabla ya plasta, kabla ya marumaru, na kabla ya kummalizia fundi hela yake. Akishapitisha hayo matatu, mara nyingi anabaki na namba ya simu isiyopatikana.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: tochi, karatasi laini ya chooni, kalamu ya wino mzito, pima maji, ndoo ya lita 20, msumeno mdogo na simu yenye chaji. Ongeza chupa ya chai na chapati. Chai ni kifaa cha lazima, kwa sababu kukagua bomba ni kazi ya kungoja, na fundi mwenye kikombe mkononi hakumbuki ghafla kwamba ana msiba Mbagala.

Maji ya tanki hayajawahi kumshtaki mtu

Kwa kawaida mambo huwa hivi. Fundi anafungulia maji kutoka kwenye simtanki juu ya mnara, anamzungusha mwenye nyumba chumba kwa chumba, anafungua koki moja baada ya nyingine, na kila koki inatoa. "Umeona, mama? Yote yanatoka." Mama anafurahi, na ana haki ya kufurahi, maana miaka yote amechota kwa jirani. Siku hiyohiyo fundi wa plasta anapigiwa simu.

Alichoonyeshwa mama ni kwamba maji yanatoka kwenye koki. Hakuonyeshwa kwamba hayatoki kwingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta presha ya takriban baa 1. Mnara wa mita 6 kwa hiyo unashusha kama baa 0.6 tu kwenye koki ya chini, na jointi iliyoungwa ovyo inaweza kuivumilia presha hiyo kwa miezi. Sasa ngoja siku utakayounganisha laini ya mtaani moja kwa moja na nyumba. Saa nane za usiku, mtaa mzima umelala, hakuna anayechota, presha ya bomba kuu inapanda kuliko wakati wowote wa mchana, na inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya tanki lako. Hapo ndipo jointi inaachia, nyuma ya marumaru mapya, chumba cha wageni.

Kwa hiyo dai geji. Ipo pampu ndogo ya mkono ya kupimia mabomba, ina kisanduku cha maji, mpini na geji ya mshale. Fundi mwenye kazi nyingi anayo, na asiyekuwa nayo anamjua wa kumwazima. Akikwambia hajawahi kuiona, umejifunza jambo kubwa kuhusu nyumba zote alizozijenga kabla ya yako.

Kipimo chenyewe kina utaratibu, na kila hatua ukiiruka inaleta uongo. Jointi ya mwisho ipoe angalau saa moja. Ncha zote za mabomba zifungwe kwa vizibo vya nyuzi, si kwa koki, maana koki ikivuja utalilaumu bomba. Tanki, hita na matanki ya choo vitengwe kabisa. Havikuumbwa kwa presha ya majaribio. Jaza maji polepole kuanzia chini, na acha kizibo kimoja cha juu kabisa kikiwa kimelegea hadi hewa yote itoke na maji yatoke bila kukohoa. Hewa iliyobaki ndani hubanwa na pampu, na mshale utacheza wala hutajua unapima maji au unapima upepo. Kisha kaza, anza kupampu. Kanuni ni mara moja na nusu ya presha ambayo mabomba yatafanyia kazi. Kwa mabomba ya nyumbani ya PPR, yale ya plastiki yanayoungwa kwa moto, baa 10 ni kipimo cha kawaida.

Nusu saa ya kwanza mshale utashuka kidogo hata kama kila kitu kiko sawa, kwa sababu plastiki hutanuka ikijazwa presha. Usimkemee fundi. Pandisha tena, ngoja tena, pandisha tena. Baada ya hapo mshale unatakiwa utulie. Piga picha ya geji ikiwa na saa yake, na umwite mtoto wa darasa la nne aje asome mshale kwa sauti kila baada ya nusu saa. Mtoto hana upande. Akisoma tisa na nusu atasema tisa na nusu mbele ya kila mtu, na wewe hutakuwa umemtuhumu yeyote.

Baridi ya usiku inaweza kuusogeza mshale kidogo, na hilo lisikutishe. Mshale unaoshuka polepole bila kusimama ndio wenye jointi yake mahali fulani. Itafute kwa tochi na karatasi laini, ukipangusa kila elbo, kila tii na kila soketi, ukiangalia karatasi na si bomba. Macho hudanganywa na mwanga. Karatasi iliyolowa haidanganyi.

Na mkishinda mtihani, usitoe maji. Hili wengi hawalifanyi, nami nalishikilia kuliko mengine yote. Acha mabomba yakiwa na presha na geji ikiwa mahali pa kuonekana wakati fundi wa plasta anafanya kazi, na wakati wa marumaru vilevile. Kibarua akipigilia msumari wa kushikia ubao na ukapita kwenye bomba, mtajua dakika hiyohiyo, pakiwa na mchanga mbichi na mwiko mkononi. Bomba tupu likitobolewa halisemi neno hadi siku ya kuhamia.

Maneno utakayoambiwa

Mshale ukishuka, ufafanuzi huanza, na ni vizuri uujue mapema.

"Hilo ni jasho tu la bomba, bosi." Bomba hutoka jasho kweli, pale maji baridi yanapopita penye hewa yenye unyevu, na hewa ya unyevu Dar es Salaam haijawahi kuadimika. Lakini jasho hutapakaa bomba zima, na maji yaliyoshinda juani kwenye tanki jeusi hayana ubaridi wa kulitoa. Kausha pale panapobishaniwa, zungushia karatasi ya chooni, kunyweni kikombe kimoja cha chai. Karatasi ikilowa kwenye jointi na bomba la pembeni likabaki kavu, mjadala umefungwa.

"Itajiziba yenyewe." Enzi za mabomba ya chuma yaliyofungwa kwa katani na rangi, kauli hii ilikuwa na ukweli wake, kwa sababu katani ikilowa huvimba na unyevu mdogo uliweza kukoma. PPR haina katani. Vipande viwili vya plastiki ama vimeyeyuka vikawa kimoja, ama havijayeyuka. Dawa ni kukata na kuchoma upya kwa soketi mpya. Silikoni iliyopakwa juu, mpira wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwa nguvu, saruji iliyoshindiliwa, vyote hivyo vinakununulia muda wa fundi kuondoka eneo la tukio.

"Presha ya leo umeizidisha, haiwezi kufika hivyo." Jibu ni moja, liseme kwa upole huku ukimwongezea chai: "Ndiyo maana tunaipima leo, fundi wangu, wewe ukiwepo."

"Marumaru yatazuia." Hapa weka kikombe chini. Marumaru hayazuii uvujaji wa bomba. Huuficha na kuutembeza. Maji huteleza chini yake, hufuata mteremko wa sakafu, na huibukia chumba cha pili, nawe utavunja ukuta usio na kosa. Fundi aliyeitamka sentensi hii asiguse tena choo chako.

Jointi moja, uikate

Geji inakwambia kama pana tatizo. Ubora wa jointi zenyewe unaonekana kwa macho, na mtu asiye fundi anaweza kuusoma vizuri kabisa akionyeshwa mara moja.

PPR huungwa kwa moto. Mashine ya kuchomea ina vichwa viwili kwa kila saizi: kimoja kinapasha nje ya bomba, kingine ndani ya soketi. Joto lake ni kama nyuzi 260. Bomba la milimita 20, ambalo fundi huliita nusu, hushikwa motoni sekunde 5. La milimita 25, robo tatu, sekunde 7. La milimita 32, sekunde 8. Kisha vipande vyote viwili vinachomolewa kwa pamoja na kusukumwa kimoja ndani ya kingine, moja kwa moja, bila kuzungusha, na kushikiliwa vikiwa vimetulia hadi vigandamane. Ni kazi ya sekunde chache, na kila kosa linalofanyika ndani ya sekunde hizo linabaki ukutani miaka yote.

Sasa chukua tochi uinamie jointi. Panapokutana bomba na soketi pana pete ya plastiki iliyoyeyuka ikasukumwa nje, na ukiangalia kwa karibu utaona ni pete mbili zilizobanana, moja ya bomba, moja ya soketi. Pete hiyo inatakiwa izunguke yote, unene ule ule. Ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, bomba liliingia likiwa limepinda. Kama hakuna pete kabisa, plastiki haikuyeyuka vya kutosha, na hilo hutokea sana saiti zenye umeme hafifu au jenereta inayokohoa: mashine imepoa, taa yake inaonyesha inatafuta joto, na fundi hana subira ya kuingoja. Kama pete ni pana, imechuruzika na ina rangi ya kuungua, basi sekunde zilizidi, na ubaya wake mkubwa uko ndani, usikoona.

Ndipo unapoutoa msumeno. Mwombe fundi, kabla hajagusa ukuta, achome soketi moja ya mfano kwa mabaki ya bomba, kisha muikate katikati kwa urefu. Jointi nzuri ukiikata huoni mpaka kati ya bomba na soketi. Ni plastiki moja. Jointi baridi ina mstari mwembamba kama unywele, na ukipitisha ukucha unakwama. Jointi iliyoungua ndani kumevimba kama koo lenye mafindofindo, na tundu la bomba limebaki nusu. Nyumba yenye jointi kumi za namna hiyo haivuji popote, inafaulu geji, na bado shawa ya ghorofani inatoa maji ya kunawia mikono tu. Fundi hodari atafurahia zoezi hili. Nimeona wengine wakikichukua kile kipande kilichokatwa na kukiweka kwenye begi la spana ili wamwonyeshe mteja anayefuata, na ndiyo mafundi ninaowapendekeza kwa watu.

Jointi za nyuzi, zile za koki na valvu, zina siri yao ndogo. Tepu nyeupe izungushwe kufuata mwelekeo wa kukazia. Ikizungushwa kinyume, ukikaza inafunguka na kujikunja mdomoni mwa nyuzi, na utaiona ikining'inia. Na pale chuma kinapoingia kwenye plastiki, kipande cha plastiki kiwe kile chenye nyuzi za shaba ndani. Nyuzi za plastiki tupu zikikazwa na spana kubwa na kijana mwenye nguvu, hupasuka ufa mdogo ambao utaanza kuvuja baadaye.

Kosa lililonunuliwa dukani

Hapa namgeukia mwenye nyumba, maana si haki fundi abebe peke yake.

Bomba lina maandishi ubavuni, na maandishi hayo ndiyo yanayopaswa kusomwa Kariakoo kabla ya kutoa hela. PN10, PN16 na PN20 ni daraja za presha. Ukubwa umeandikwa kwa namba mbili: kipenyo cha nje na unene wa ukuta. Bomba la nusu la PN10 limeandikwa 20 x 1.9, la PN16 ni 20 x 2.8, la PN20 ni 20 x 3.4. Yote matatu yanaingia soketi ile ile, yana rangi ile ile, na ukisimama hatua tano mbali huwezi kuyatofautisha. Bei ndiyo inayotofautiana, na ndiyo iliyokuvuta kwenye lile la kwanza. Maji baridi ya kawaida PN10 na PN16 zinatosha. Laini ya maji ya moto inataka PN20, kwa sababu plastiki ikipata joto nguvu yake ya kuhimili presha hushuka sana. Fundi alikuandikia hivyo kwenye karatasi ya mahitaji. Wewe ulipofika dukani ukamwambia muuzaji akupe "ya kawaida".

Bomba lisilo na maandishi yoyote, au lenye maandishi yanayofutika kwa kidole chenye mate, liache dukani. Tafuta alama ya TBS na jina la kiwanda. Na PPR isiachwe nje juani, kupanda mnara wa tanki ikiwa uchi. Jua huidhoofisha mwaka hadi mwaka hadi inakatika kwa kugongwa na ngazi. Ifunike, ipake rangi, au huko nje tumia bomba jeusi la poli, ambalo jua halilisumbui.

Nje, ambako bomba hulala mtaroni

Tembea kutoka dira ya maji hadi ukuta wa nyumba. Dira ina mshale uliochongwa kwenye mwili wake, uelekee kwako. Kabla yake bomba ni la mamlaka, baada yake ni lako, na kila lita inayovuja baada ya dira umeshainunua. Maji yanayofika Dar es Salaam kutoka mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa 1976, na Ruvu Juu, uliojengwa 1959, yamesafishwa, yamesukumwa kutoka Pwani hadi matenki ya mjini, na yamegawiwa kwa zamu kila ukame ulipobana, kama Oktoba 2022. Maji yaliyosafiri hivyo yakamwagike mita tatu kutoka jikoni kwako, chini ya mti wa mwarobaini? Mwarobaini wenyewe hauyahitaji.

Bomba la uwanjani lichimbiwe chini, sentimita 60 panapopita gari, na lisiwe limefukiwa na vifusi vyenye ncha. Kisha uliza swali lisiloulizwa: linapita wapi? Ukiona bomba la maji ya kunywa likivuka mtaro kwa kuogelea ndani yake, au likilala kando ya shimo la choo kwa sababu ndiyo njia fupi, simamisha kazi. Hapa sina upole wowote. Maji ya mgao yakikatika, bomba hubaki tupu na huweza kuvuta ndani kupitia kila tundu na kila jointi mbovu. Kilichokuwa mtaroni kinaingia bombani, na maji yakirudi kinakuja moja kwa moja kwenye jagi la mezani. Mwenye pampu ya umeme iliyofungwa moja kwa moja kwenye laini ya mtaani anazidisha uvutaji huo kwa nyumba zote za jirani. Jiji hili lilianza kuzika watu wa kipindupindu Agosti 2015, na mlipuko huo ukasambaa mikoani. Bomba la maji safi lipite mbali na la maji taka, na yakilazimika kukutana, safi lipite juu, taka chini, na pale pa kukutania pasiwe na jointi. Pampu ivute kutoka kwenye tanki lako, siyo kutoka kwa jirani zako.

Maji taka yana kipimo kimoja kikubwa. Weka pima maji juu ya bomba la inchi nne: lishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Lisiposhuka, uchafu unakaa. Mwaga ndoo nzima chooni, simama kwenye chemba, uone yakifika kwa pamoja. Na chini ya kila sinki pawe na kona inayobaki na maji, vinginevyo harufu ya shimo itakula chakula pamoja nanyi.

Kuhusu tanki: lita 1,000 ni tani moja, kwa hiyo sakafu ya mnara iwe ngumu, bapa, na iubebe mzigo kitako kizima. Bomba la kumwagikia liwe kubwa kuliko linaloingiza, na mdomo wake uzibwe kwa wavu wa mbu.

Nyumba iliyokwisha pigwa plasta

Umenunua nyumba, au umepanga, na hakuna wa kumwuliza. Ukuta unaweza kukaguliwa bila kuuvunja.

Funga koki zote, hakikisha hakuna mashine ya kufulia inayojaza wala tanki linalojaa, kisha nenda kwenye dira. Zaidi ya tarakimu, dira nyingi zina kigurudumu kidogo au pembetatu usoni kinachozunguka hata kwa maji machache sana. Kikizunguka wakati koki zote zimefungwa, maji yanakwenda mahali. Kama kimetulia, usiridhike bado: andika tarakimu zote, nyekundu na nyeusi, unapolala, na uzisome kabla mtu hajapiga mswaki. Zoezi hili lifanyike siku maji yapo, na yawe yamekuwepo kwa saa kadhaa, kwa sababu hewa inayotangulia maji ya mgao nayo huizungusha dira na itakupa hofu isiyo na sababu.

Dira ikikushitaki, funga valvu ya kuingilia nyumbani. Ikisimama, uvujaji uko ndani. Ikiendelea, uko uwanjani kati ya dira na valvu. Ndani nako ufunge valvu za bafu moja moja hadi umpate mkosaji. Kama nyumba nzima ina valvu moja tu, umeshagundua kasoro ya kwanza ya ufungaji.

Mkosaji wa mara nyingi ni tanki la choo, kwa sababu huvuja kimya ndani ya bakuli na hakuna anayeona maji sakafuni. Koroga bluu ya kufulia kidogo, mimina kwenye tanki la choo, na mzuie kila mtu kuingia kwa dakika 20, pamoja na babu. Rangi ikionekana bakulini bila mtu kuflashi, mpira wa chini umechoka. Usiudharau mchirizi huo. Lita moja kila dakika 10 ni lita 144 kwa siku, ndoo saba na ushee, na kwa mwezi zaidi ya uniti nne zilizoteremka bila kumhudumia mtu.

Kisha ndoo. Iweke chini ya koki ya jikoni, pima muda wa kujaa, halafu rudia huku shawa ikiwa wazi. Dakika mbili kwa lita 20 ni vizuri. Ikiwa kwa kufungua shawa jikoni panabaki na uzi wa maji, bomba la kugawia ni dogo au jointi zake zina yale mafindofindo.

Hita ya tanki iache mwisho, na uikague kwa makini kuliko vyote. Ubavuni au chini yake pana valvu ndogo ya usalama yenye mdomo, ambayo hudondosha matone maji yakipata moto na presha kupanda. Wapo wanaoudhiwa na matone hayo, na wapo mafundi wanaowasaidia kwa kuuziba ule mdomo. Hita iliyozibwa mdomo inaweza kupasuka na kuua mtu. Ukikuta kizibo pale, zima umeme wa hita, usioge, mwite fundi akiondoe na aweke mrija wa kupeleka matone kwenye sinki. Na kama ni shawa ya umeme ya papo kwa papo, fundi umeme athibitishe waya wa ardhi kabla mtu hajasimama chini yake miguu mitupu.

Hela yake

Kwa mnaojenga, limebaki jambo la picha na jambo la malipo. Siku geji imefaulu, piga picha kila ukuta wenye bomba, ukiwa umeshikilia futi kamba kutoka kona na kutoka sakafuni. Andika kwa ile kalamu ya wino mzito ni chumba gani. Zitume kwa mwenza wako, kwa mdogo wako, na kwa fundi mwenyewe, ili simu yako ikiibiwa kwenye daladala picha zibaki. Kuna siku mtu atakuja kutundika televisheni.

Kuhusu malipo, kubalianeni kabla ya kazi kuanza, mbele ya shahidi, kwamba sehemu fulani ya hela inatolewa geji ikilala na kuamka palepale, na kwamba pampu ya kupimia na siku ya kungoja vimo kwenye bei. Fundi anayelipwa kwa kukimbia atakimbia. Ukimlipa pia kwa kungoja, atangoja, na atachoma kila jointi akijua kwamba kuna usiku wa kuulizwa. Na asubuhi hiyo mtoto akisoma baa 10, usianze habari za "njoo Jumamosi, mshahara haujatoka". Umemlaza fundi na wasiwasi usiku mzima, na kazi yake imesimama. Fungua simu, mtumie salio lote hapohapo na hela ya kutolea juu yake, kisha mpigie jirani anayechimba msingi umpe namba ya huyo fundi.